Besi ya Zedekiah Amolo

Ukisikia mtu wa Kaloleni, hapa Nairobi, anasifiwa kwamba anaimba, usikimbilie kushangaa. Kaloleni kila mtu anaimba. Kuna wanaoimba wakifua, kuna wanaoimba wakilewa, na kuna mama mmoja karibu na ukumbi wa jamii ambaye akianza tu, majirani huongeza sauti ya redio. Lakini ukisikia watu wanasema "besi ya Zedekiah", hapo jua mzaha umekwisha. Zedekiah Amolo alipokuwa mzima, akishuka na ile besi yake kwenye kiitikio, vikombe vilitetemeka kabatini. Asiyeamini amuulize mkewe, maana ndiye aliyekuwa akivipanga.

Mkewe ni Nthambi, na habari hii ni yake. Mtaani anaitwa Mama Ooko, kwa jina la kifungua mimba wake. Ni Mkamba aliyelelewa Meru, ambako baba yake alikuwa mpishi katika shule ya misheni ya Wamethodisti, na kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa anajua alto ya nusu ya kitabu cha nyimbo. Alto, si soprano. Soprano ndiyo inayobeba wimbo na kupewa sifa. Alto hukaa katikati, na ukiiimba peke yake watu wanadhani umepotea njia. Nthambi hakujali. Alikuja Nairobi, akanunua cherehani, akashona sare za watoto wa shule mpaka vidole vikapinda, na ile cherehani iko dirishani hadi leo.

Zedekiah alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha na kuachanisha mabehewa yadini, kazi ya kelele na grisi, na ukiikosea inaondoka na kiungo chako. Umethodisti hakuwa nao. Kwao, upande wa Kisumu, walikuwa wa kanisa lingine, na huku Nairobi hata hilo alikuwa akilipitia kando. Alimfuata Nthambi kanisani kwa sababu zinazojulikana, akakaa viti vya nyuma, na wimbo ulipoanza akajaribu kuimba chini chini asionekane. Wapi! Mwalimu wa kwaya aligeuka akamtafuta kwa macho mpaka akampata, na baada ya ibada hakumuuliza anatoka kanisa gani. Alimuuliza atakuja lini mazoezini. Ndoa ikafuata, watu wakasema besi imeoa alto, na wenyewe wakacheka.

Sasa lazima mjue jambo moja la Wamethodisti wa hapa, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Waumini hugawanywa katika vikundi vidogo vinavyoitwa madarasa, kila darasa na kiongozi wake, na darasa ndilo linalokujua ukiugua na ukifiwa. Darasa la Kaloleni lina desturi yake. Wakija kwa mwenye shida, hawaanzi wimbo mpaka mwenye shida auchague. Hata akinyamaza mpaka chai ipoe, watangoja. Akichagua wimbo mrefu wenye beti za kuchosha, utaimbwa wote mpaka amina. Na kama hawezi kusema, mtu wake wa karibu humchagulia.

Nthambi aliijua faida ya desturi hiyo siku mtoto wao wa pili alipofariki, mchanga bado, hata jino hajaota. Yeye na mumewe walikaa chumba kimoja wakashindwa kutazamana. Watu walileta maneno yao: Bwana ametoa, Bwana ametwaa, nyinyi bado vijana mtapata mwingine. Jamani, kuna maneno mfiwa hafai kuambiwa hata kama yametoka kwenye Biblia. Kisha darasa likaja, likakaa, likangoja. Baada ya muda mrefu Zedekiah akataja wimbo, ule wenye kiitikio kisemacho, "Wanijua nilivyo, nijapokaa kimya, nimo mkononi mwako, Bwana, nimo." Wakauimba. Nthambi alipoisikia besi ya mumewe chini yake, alto yake ikapata pa kukanyaga, akalia kwa mara ya kwanza tangu kaburini, na kulia kule ndiko kulikomrudishia pumzi. Tangu hapo ule ukawa wimbo wao. Hakuwa mwanamke wa kuhubiri. Ukimuuliza imani yake iko wapi, angekuonyesha kitabu cha nyimbo kilichofungwa kwa lastiki.

Basi, Zedekiah akastaafu, na Jumamosi moja asubuhi akinyoa ndevu wembe ukamwanguka, naye akaufuata. Ilikuwa stroki. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakaenda nao. Akijaribu kusema kilitoka kitu kimoja tu, "te, te, te," na jasho usoni. Kutikisa kichwa hakukusaidia. Ukimuuliza unataka chai, anakubali. Ukimuuliza hutaki chai, anakubali vilevile. Ukimwambia afinye mkono kama ni ndiyo, anafinya. Afinye kama ni hapana, anafinya. Daktari Yonis, kijana mpole wa hospitali alikolazwa, alimweleza Nthambi kwamba mzee anasikia, na pengine anaelewa mengi, ila ndiyo na hapana zimechanganyika humo ndani na hazijui mlango wa kutokea.

Aliporudi nyumbani, darasa likaja. Kiongozi wake ni Mzee Wahome, fundi bomba mstaafu, mtu mwema sana na mwenye uhakika na kila kitu. Alifuata desturi, akamgeukia Nthambi amchagulie mgonjwa, naye akataja ule wimbo wao, sasa angechagua upi? Soprano wakaanza. Walipofika kwenye kiitikio ikashuka besi. Haikuwa kama zamani, ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilikuwa na maneno yake yote, hakuna hata silabi iliyokosekana: wanijua nilivyo, nijapokaa kimya. Watu waliacha kuimba mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alipiga magoti kwenye zulia. Zedekiah akaendelea peke yake, jicho moja likitoa machozi, mpaka mwisho wa ubeti.

Nthambi alimshika mashavu. "Baba Ooko, niite. Niite jina langu."

"Te," alisema Zedekiah. "Te, te."

Daktari alimweleza baadaye kwamba hilo hutokea, kwamba nyimbo za zamani zimehifadhiwa upande mwingine wa kichwa, ule ambao stroki haikuufikia. Ukimwanzishia mzee wimbo anaojua, unatoka wenyewe jinsi mguu unavyoruka ukigongwa gotini. Hauchagui. Nthambi hakulipenda hilo neno, lakini alilishika. Majirani wao walisema ana bahati, amebaki na sauti ya mumewe. Kweli kila jioni alivuta kigoda akakaa karibu naye, wakaimba, na kwa urefu wa wimbo mmoja alikuwa na mume. Ilimliwaza, hilo halina ubishi. Ila amina ikishasemwa mlango ulifungwa, naye akabaki nje anabisha. Kuna siku alitamani kumtikisa mabega hadi yule mtu aliyemo ndani adondoke.

Wakaishi hivyo. Halafu ukaja mguu.

Zedekiah alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka, na kiatu kilimchubua kidole cha mguu ule uliokufa. Mtu mwingine angesema kiatu kinaniuma. Yeye alisema te, te, akapewa chai. Nthambi aligundua kwa harufu, alipomvua soksi, na alipoona rangi ya kidole kile alikaa chini sakafuni na ile soksi mkononi. Walikuwa wameimba jioni zote hizo. Besi ilikuwa inatoka vizuri kabisa, na mguu unaoza.

Hospitalini Daktari Yonis hakuzungukazunguka. Mguu ukatwe juu ya goti, na upesi, kabla sumu haijaingia kwenye damu. Ukikatwa, mzee anaweza kuishi. Ukiachwa, atakufa, na si kifo chepesi. "Lakini ningependa kujua yeye mwenyewe anataka nini, Mama," alisema. "Mguu ni wake. Mkipata njia yoyote ya kumuuliza, niambieni. Mkikosa, itabidi wewe ndiye useme."

Hapo sasa ndipo nyumba ilipopasuka. Mwana, Ooko, anayefanya kazi kiwandani mtaa wa Baba Dogo, alitaka mguu ukatwe hata leo, hata saa hii. Ndugu wa Zedekiah, Ondiek, alipanda basi kutoka kwao, upande wa Kisumu, akafika na koti lake la misibani kabisa, akasema haiwezekani. Akamkumbusha shemeji yake jambo ambalo Nthambi alikuwa amelikumbuka tangu daktari alipofungua kinywa. Zamani, mfanyakazi mwenzake Zedekiah alibanwa na behewa yadini akapoteza mguu. Zedekiah ndiye aliyemvuta. Jumapili iliyofuata, mezani, mbele ya samaki, alisema wazi kila mtu akasikia: mimi siku mkinikata mguu mmenimaliza, afadhali mnizike na miguu yangu yote miwili. Na akarudia. Kisha akaomba aongezwe ugali.

Je, lile lilikuwa neno la kushikwa? Nthambi alijiuliza mpaka kichwa kikamuuma. Mtu mzima mwenye njaa na samaki mbele yake husema mengi. Yule mwenzake aliyekatwa alikuja akaoa, akafungua kibanda cha kushona viatu mtaa wa Ziwani, na Zedekiah mwenyewe alikuwa akienda kumtembelea wakicheka mchana kutwa. Labda alikuwa amebadili mawazo. Labda hakubadili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu hajawa maiti lakini hawezi kusema.

"Mgonjwa haulizwi uji, Mama," Ooko alimwambia.

Hiyo methali ni ya kweli, wala hapa hakuna anayebishana na wahenga. Lakini uji ni uji. Mtu akilazimishwa uji asioutaka ataukojoa, mambo yaishe. Nthambi alimwambia mwanawe hivyo hivyo, Ooko akaenda kusimama dirishani.

Siku ile ile Nthambi alijaribu jambo ambalo asingetaka mtu alione. Alivuta pazia la kitanda, akainama karibu na sikio la mumewe, akachukua tuni ya wimbo wao na kuivua maneno yake, akaivisha ya kwake. Aliimba taratibu: Baba Ooko wangu, wataka wakukate, au hutaki wakukate, niambie. Alijua kwamba maneno ya Zedekiah yamefungiwa ndani ya nyumba ya muziki, basi alifikiri ataingia kwa mlango huo huo amtoe mkono kwa mkono. Zedekiah alimtazama kwa bidii sana. Midomo ilijiandaa. Kifua kikapanda. Nthambi alisogeza sikio.

"Wanijua nilivyo," aliimba Zedekiah, "nijapokaa kimya."

Akajaribu tena, na tena, kwa tuni nyingine. Kila tuni ilirudi na maneno yake ya kitabuni, safi, hayana kosa. Mara ya mwisho ni Zedekiah aliyefumba macho na kulia, na Nthambi akajua kwamba naye pia alikuwa anajaribu. Alimfuta machozi kwa kona ya leso yake, akafungua pazia.

Mzee Wahome ndiye aliyekuja na suluhisho. Alikuja saa ya kutazama wagonjwa pamoja na darasa zima, maana yake watu wa kujaza nafasi yote kati ya vitanda, na nesi akawapa jicho lakini akawaacha. Ondiek alikuwepo, Ooko alikuwepo. Wahome alisema Mungu hakumwachia ndugu yetu sauti bure. Tusimuulize kwa maneno, alisema, tumuulize kwa kile alichoachiwa. Akashika kitanda kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ili wote washuhudie:

"Mzee Zedekiah, ndugu yangu. Kama umekubali wakate mguu upone, imba nasi. Kama umekataa, nyamaza. Hakuna atakayekulaumu."

Nthambi alijua. Kama kuna mtu mmoja katika wodi ile aliyejua kwamba besi ile haichagui, ni yeye. Alijua kwamba hata ungemuuliza Zedekiah kama amekubali kutupwa Mto Nairobi, wimbo ukianza angeimba. Kinywa alikifungua aseme. Lakini soprano walikuwa wameshaanza, na tuseme ukweli, yeye alilitaka jibu kuliko wote waliokuwa pale. Alitaka mtu amwondolee ule mzigo, hata kama anayemwondolea haoni anachofanya. Akaingia na alto yake.

Besi ikashuka. Wodi nzima iligeuka, hata wagonjwa wasio Wakristo. Zedekiah aliimba beti zote, na kwenye "nimo" ya mwisho alishuka chini mno, mahali ambapo hakuwa amefika tangu augue. Darasa likasema amina. Wahome alijifuta uso. Ondiek, yule Ondiek mgumu, alivua kofia akasema kama ndugu yake amesema, yeye ni nani, na wote wakatoka wakipongezana. Hilo ni kosa ambalo watu wengine wasingelifanya. Sisi tumelelewa hivyo, mtu akiimba tunaona amekubali.

Kesho yake asubuhi Nthambi alifika mapema, kabla ya madaktari kupita. Zedekiah alikuwa ameoshwa na kuvalishwa gauni la upasuaji. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika ule mkono uliobaki mzima.

"Baba Ooko, nisikilize vizuri," alisema. "Kama hutaki wakukate, imba nami. Kama unataka, nyamaza."

Akaanza wimbo. Ndani ya moyo alikuwa anaomba anyamaze. Anyamaze tu, angalau ubeti mmoja. Zedekiah aliingia pale pale pa kila siku, akaimba kiitikio, akaimba ubeti wa pili, akaimba yote. Nesi aliyekuwa anapita na toroli la dawa alitabasamu akasema mzee leo ana furaha.

Nthambi alibaki pale, mkono mkononi. Ndiyo na hapana zilikuwa zimevaa wimbo mmoja, na wimbo wenyewe ndio aliokuwa amejishikiza nao tangu mtoto wake azikwe. Alitaka kukimbia amwambie Ooko. Ooko angesema nini, mgonjwa haulizwi uji. Alitaka kumpigia Ondiek. Ondiek angesema, unaona? Alitaka mama yake, aliyekufa zamani. Mguu ulikuwa chini ya shuka unanuka, na harufu ile ilikuwa imepanda usiku kucha, hilo halikuhitaji kuulizwa mtu.

Daktari Yonis akaja na kalamu. "Nasikia jana amekubali."

"Mimi nimekubali," alisema Nthambi. "Yeye sijui."

Daktari alimpa kalamu. Nthambi alitia saini. Walipomsukuma mumewe kuelekea chumba cha upasuaji, watu wa darasa waliokuwa wamejipanga koridoni walimwanzishia wimbo, naye akaenda akiimba mpaka milango ikafungwa, na watu wakasema hawajaona imani kama ile. Nthambi hakuimba. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

Zedekiah alipona. Hilo mlijue, mguu ulikatwa na mtu akapona, kidonda kikafunga vizuri, homa ikashuka, Daktari Yonis akawa anawaleta wanafunzi wake waone. Alirudi Kaloleni kwa kiti cha magurudumu, Ooko na vijana wa jirani wakakinyanyua kupita kizingiti. Darasa likapanga ibada ya shukrani. Mandazi yalikaangwa, chai ya maziwa ikajaa sufuria, na Wahome akamgeukia Nthambi kwa ile desturi, naye akataja wimbo wao. Wakaanza.

Kwenye kiitikio wote walipunguza sauti kidogo ili wampishe. Hakukuja kitu. Zedekiah alikuwa amekaza midomo, amelitazama blanketi pale linapolala bapa, mahali ambapo goti lingekuwa. Wahome alidhani wamempandisha sana, akaanza tena chini zaidi. Zedekiah aliinua macho. Hakumtazama Wahome, alimtazama mkewe, akamtazama ubeti mzima, midomo imefungwa. Watu wakasema mzee amechoka, safari ya hospitali si mchezo, wakanywa chai wakaenda zao.

Nthambi alirudi kwa daktari. Daktari Yonis alisema huenda mshipa mwingine mdogo umeziba wakati wa upasuaji na kuchukua hata zile nyimbo. Huenda pia ni huzuni, mtu aliyekatwa kiungo huomboleza. Hawezi kujua kwa hakika. Ondiek, kwenye simu, yeye alikuwa na hakika: amekasirika, shemeji, na ningekuwa mimi ningekasirika. Ooko alisema, Mama, si yuko hai? Yuko hai, ndiyo. Nani amekataa kwamba yuko hai.

Jioni zilizofuata alivuta kigoda kama zamani, akaimba. Alto tupu, bila soprano juu wala besi chini, inayumba yumba, na watoto wa jirani wakauliza kwa nini Mama Ooko siku hizi anakosea wimbo. Alipofika kwenye kiitikio aliacha nafasi. Zedekiah aligeuza uso akatazama ukuta. Jioni moja aliacha wimbo katikati akamwambia yote, kwamba siku ile ya darasa alijua, kwamba asubuhi ile alimuuliza kinyume na akasikia jibu lile lile, kwamba alitia saini kwa sababu hakuweza kumtazama akifa. Alimwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo chake kibovu ambacho Zedekiah alikuwa akikicheka. Alingoja. Hata te haikutoka.

Alhamisi, siku ya darasa kuwatembelea, ikarudi, na darasa likarudi. Mzee Wahome alikuwa na matumaini mapya, na amekuja na mtu wa besi kutoka darasa lingine wa kumwamsha mwenzake. Vitabu vikafunguliwa. Na kurasa zilipopinduliwa tu, kabla mtu hajaimba, Nthambi aliona mkono mzima wa Zedekiah ukikamata blanketi na kulikunja ndani ya ngumi, na midomo ikikazwa mpaka ikawa myeupe. Alikuwa ameliona lile tangu siku ya shukrani. Kila jioni alikuwa ameliona, akaimba juu yake.

"Mama Ooko," alisema Wahome, "tuchagulie."

"Leo hatuimbi," alisema Nthambi.

Watu walitazamana. Katika darasa lile hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo, hata siku ya msiba. Wahome aliuliza polepole kama kuna ubaya.

"Amekataa," alisema Nthambi. "Habari ya ule mguu sikumsikia. Hili nimelisikia."

Wahome alifunga kitabu chake, na wengine wakafunga vyao. Hawakujua la kufanya na mikono yao, wakakaa tu, watu wazima wamejazana kwenye kochi, na nje mtu akawa anauza makaa kwa kelele. Baada ya kitambo ngumi ya Zedekiah ililegea juu ya blanketi. Alishusha pumzi ndefu, kichwa kikaegemea kiti, akalala mbele ya wageni kama mtoto. Chai ilinywewa bila vijiko kugongwa. Nthambi aliinuka kwenye kigoda chake, akakifunga kitabu cha nyimbo kwa lastiki, akaenda kuosha vikombe.